Kimoja Kikali Chashinda Kumi Butu

Kila mwaka insha za wanafunzi wa Kiswahili hujaa mada kubwa kubwa: ufisadi, mabadiliko ya tabianchi, utandawazi, nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sizibezi mada hizo. Hata hivyo, naomba ruhusa ya wasomaji niandike juu ya kitu ambacho wengi wetu hukishika kila siku na hakina mtetezi: kisu cha jikoni. Msimamo wangu ni huu. Nyumba nyingi hapa Uganda, pamoja na vyumba vyetu vya hosteli, zina visu vingi lakini hazina kisu. Anayetaka kuanza kukusanya visu bora aanze na kimoja tu, akinunue pamoja na kinoo, na aikatae kabisa ile seti ya visu kumi na viwili inayouzwa ikiwa imechomekwa kwenye gogo la mbao.

Najua kuna watakaocheka. Watauliza, je, mwanafunzi asiye na hakika ya chakula cha jioni ana haja gani na kisu bora? Nitawajibu hapo mbele. Kwanza tuitazame seti yenyewe, kwa kuwa ndiyo adui mkuu wa makala haya.

Seti hiyo ni zawadi maarufu ya harusi. Inang'aa, ina uzito wa kuheshimika, na ikiwekwa juu ya kabati wageni huiona. Lakini hebu tuhesabu kilichomo. Mara nyingi visu sita kati ya kumi na viwili ni visu vya mezani vya kukatia nyama ya kuchoma kwenye sahani, vyote vya aina moja. Kimoja ni mkasi, nao si kisu. Kingine ni fimbo ya chuma ambayo wengi hawajui kazi yake. Vinavyobaki ni vinne, na kati ya hivyo viwili hufanya kazi inayofanana. Kwa hiyo mnunuzi amelipia vitu kumi na viwili ili apate visu viwili au vitatu vya kazi. Kwa kuwa bei ya seti imegawanywa kwa vitu vyote hivyo, kila kimoja kimetengenezwa kwa chuma cha bei ya chini kadiri kiwanda kilivyoweza. Muuzaji hauzi makali. Anauza hesabu ya vipande.

Nikiuliza katika nyumba nyingi seti hiyo iko wapi, naoneshwa kabatini, vibandiko vikiwa bado juu ya mabapa. Kisu kinachofanya kazi ni kingine, tena hakikuwahi kuwa katika seti yoyote: mpini wake umevunjika, umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na bapa limelika katikati mpaka likapinda kama mwezi mchanga. Huo ndio ukweli wa jiko letu. Tuna kisu cha kuonesha na kisu cha kuteswa.

Sasa kisu bora ni kipi? Hapa hatuhitaji ushairi, tunahitaji kujua kidogo habari za chuma. Kiswahili kina neno pua kwa chuma kigumu, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokipa kisu uwezo wa kushika makali. Ikikosekana, bapa huwa laini kama bati: linanoleka haraka na kubutuka haraka. Krome nayo huzuia kutu, na chuma kisichoshika kutu huwa na krome isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kinachovutia ni kwamba chuma hicho kina historia ndefu na visu. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alichokipata kikageuka kuwa chuma cha visu vya mezani, katika mji uliokuwa tayari mashuhuri kwa visu. Leo visu vingi vya Kijerumani hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya karibu nusu asilimia na krome ya karibu asilimia 15. Visu vingi vya Kijapani vina chuma kigumu zaidi: hushika makali kwa muda mrefu, lakini hukatika meno kwa urahisi vikigongwa kwenye mfupa.

Hapo ndipo penye kosa la wale wanaoelewa ubora kuwa ni jina la nchi. Kuna wanaotamani kisu cha Kijapani kwa sababu wamekiona katika video, kisha wanakitumia kuvunjia mguu wa mbuzi. Kisu kizuri ni kile kinacholingana na kazi yake. Mfupa una panga na shoka. Tusikilazimishe kisu chembamba kufanya kazi ya shoka, halafu tukakilaumu.

Mnunuzi asiye na fedha nyingi na asiyejua majina anaweza kukagua kisu kwa macho na mikono yake. Atazame msuka, ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini. Ukiwa mfupi kama kidole cha mtoto, mpini utalegea baada ya miezi michache. Atazame ribiti, ziwe zimekaza wala zisikwaruze kiganja. Aelekeze makali kwenye mwanga na kuyafuata kutoka mpinini hadi nchani: mstari uwe umenyooka, bila mawimbi. Akipinde kidogo bapa la kisu kikubwa: likikubali kupinda na lisirudi, hilo ni bati. Asilitegemee sana jina lililopigwa mhuri. Jina la Solingen, mji wa Ujerumani, limelindwa na sheria ya nchi hiyo tangu mwaka 1938, lakini sheria ya Ujerumani haifiki kwenye kila kibanda cha soko letu. Mhuri huigizwa. Msuka mzuri na makali yaliyonyooka havidanganyi kirahisi hivyo.

Baada ya kujua kisu bora, tuulize kipi kiwe cha kwanza. Washauri wengi wa ng'ambo husema mtu aanze na kisu kikubwa cha mpishi chenye bapa la sentimita 20. Ushauri huo ni sahihi kwa jiko lao, ambamo kazi kubwa ni kukatakata juu ya ubao. Jiko letu lina kazi nyingine. Chakula kikuu cha sehemu kubwa ya Uganda ni matoke, na matoke humenywa mkononi, ndizi baada ya ndizi, kabla ya kufungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Ongeza muhogo, viazi vitamu, viazi mviringo na magimbi. Kazi kubwa ya mpishi wetu ni kumenya. Kwa hiyo kisu cha kwanza katika mkusanyiko wa Mganda, Msoga au Mtooro kiwe kile kidogo chenye bapa la sentimita 8 hadi 10, kisichoshika kutu kwa sababu utomvu wa ndizi huliweka madoa meusi bapa la chuma cha kawaida, na chenye mpini usioteleza mkono unapolowa.

Habari njema ni kwamba kisu cha aina hii ndicho rahisi kuliko vyote. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, ambayo chanzo chake ni karakana aliyoifungua Karl Elsener mwaka 1884, hutengeneza visu vidogo vyenye mpini wa plastiki ambavyo wapishi wa mahoteli makubwa huvitumia kila siku, navyo ni miongoni mwa visu vyake vya bei ya chini kabisa. Simtangazii mtu biashara. Ninachosema ni kwamba ubora katika kisu kidogo haumhitaji tajiri.

Cha pili kiwe kisu kikubwa cha sentimita 18 hadi 20, kwa kabichi, vitunguu, nyama isiyo na mfupa na dodo. Cha tatu, kwa anayehitaji, kiwe kisu chenye meno kwa mkate na nanasi. Anayepika samaki kila wiki aongeze chembamba cha kutolea minofu. Hapo mkusanyiko umekamilika kwa watu wengi: visu vitatu, au vinne. Kila kimoja kimeingia kwa kuitwa na kazi.

Lakini kabla ya hicho cha pili kuna kitu ambacho hakina mjadala, nacho ni kinoo. Natamka wazi: mtu asiye na kinoo hana mkusanyiko wa visu, ana vyuma vinavyongoja kubutuka. Hakuna kisu duniani, hata kile cha bei ya kompyuta, kisichobutuka. Tofauti kati ya kisu bora na kibovu si kwamba kimoja hakinolewi. Tofauti ni kwamba kisu bora kikinolewa hukumbuka, na kibovu husahau kabla ya chakula cha jioni.

Kunoa hakuhitaji shahada. Jiwe la maji lenye chembe za namba 1000 linatosha kwa kazi ya nyumbani. Loweka jiwe, liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze, kisha uinamishe bapa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Asiye na kipimo asimamishe kisu wima, ambayo ni nyuzi 90, akiinamishe hadi nusu, kisha nusu ya nusu: atapata nyuzi 22 na ushei, nayo inatosha kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Sugua upande mmoja mpaka kidole kihisi kijinyuzi chembamba cha chuma upande wa pili, urefu wote wa makali. Geuza, ufanye vivyo hivyo. Malizia kwa mipigo myepesi ya kubadilishana pande. Nyanya ndiyo mtihani: kisu kikali huingia kwenye ngozi yake bila kuibonyeza.

Wengi hukwepa kazi hii kwa kumwita fundi anayepita mtaani na jiwe la kuzunguka lililofungwa kwenye baiskeli. Namheshimu fundi huyo, na kwa panga anafaa sana. Lakini jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hulipasha moto bapa jembamba. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeondoka, na kisu kitabutuka upesi zaidi ya awali. Aidha, kila mara jiwe hilo hula chuma kingi kuliko kinachohitajika. Visu vingi tunavyosema vimezeeka havikuzeeka, vimeliwa. Na asiyekata juu ya ubao anajinolea bure: sahani ya udongo, sinia la chuma na kaunta ya terazo huyamaliza makali kwa siku moja.

Sasa nirudi kwa wanaocheka. Hoja yao ya kwanza ni fedha. Tufanye hesabu ya mfano tu, na kila msomaji abadilishe tarakimu kwa bei ya soko lake. Tuseme kisu kibovu ni shilingi 3,000, nacho hubadilishwa kila baada ya miezi minne. Hiyo ni shilingi 9,000 kwa mwaka, shilingi 90,000 kwa miaka kumi. Tuseme tena kisu bora kidogo ni shilingi 30,000 na kinoo ni shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 60,000 mara moja, na baada ya miaka kumi bado mtu ana kisu na ana kinoo. Maskini ndiye asiyemudu kununua kitu kile kile mara thelathini. Tena wanafunzi wanne wanaopika pamoja hosteli wakichangishana, kinoo kimoja kinawatosha wote mpaka wahitimu.

Hoja ya pili huja imevaa methali: mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu methali hii, lakini inatumiwa vibaya. Inamkemea mvivu anayetumia kuchagua kama kisingizio cha kutolima. Haimwambii mkulima anunue jembe bovu. Nimewaona wakulima dukani wakiligonga jembe na kusikiliza mlio wake kabla ya kutoa fedha, na hakuna aliyewaambia kwamba wao si wakulima. Kama tunataka methali, basi tuikumbuke na ile isemayo kwamba rahisi huvunja upishi.

Hoja ya tatu ni ya usalama: kisu kikali kitamkata mtu. Kinyume chake ndicho kweli. Kisu butu hudai nguvu, na nguvu hiyo huteleza. Anayekata kitunguu kwa kisu butu hukiponda kwanza, ndipo ngozi inapoachia ghafla na bapa likaishia kidoleni. Hata machozi ya kitunguu yana uhusiano na jambo hili: kadiri seli zinavyopondwa ndivyo hewa inayowasha macho inavyotoka kwa wingi. Kisu kikali huenda pale mkono unapokielekeza. Bila shaka kiwekwe mbali na watoto, na hosteli kihifadhiwe ndani ya ala ya kadibodi kwenye sanduku lenye kufuli, hasa kwa kuwa wezi nao wanajua kitu kizuri.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kisu cha jikoni hakiheshimiwi kwa sababu mkono unaokishika hauheshimiwi.

Tazama nyumba ya kawaida kijijini. Panga la baba hunolewa kwa tupa asubuhi kabla ya kwenda shamba. Tupa ina mahali pake, na mtoto akiipoteza atajieleza. Katika nyumba hiyo hiyo kisu cha mama hakijawahi kugusa jiwe. Kikishindwa kabisa, hukwaruzwa kwenye ukingo wa ngazi. Kaka yangu ni seremala. Ana randa, patasi na misumeno, na hakuna hata mmoja katika ukoo anayemwita mbadhirifu. Wanasema ana vifaa vya kazi. Mama yangu ana kibanda cha chakula mjini Masaka, na kwa siku humenya mikungu miwili ya matoke, wakati mwingine mitatu. Yeye naye ni fundi. Kazi yake ndiyo iliyomlipia kaka vifaa vyake na mimi karo ya sekondari. Lakini kwa miaka yote hiyo alimenya kwa kisu chenye mpini wa mpira, na sisi sote tulikiona.

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni niliweka akiba kutoka kwenye fedha za matumizi, nikamnunulia kisu kidogo kimoja na kinoo. Wiki ya kwanza alikificha, akisema ni kikali mno kwa wasichana wanaomsaidia. Wiki ya tatu nilipompigia simu aliniambia kwamba sasa mkungu wa kwanza unakwisha kabla redio haijamaliza taarifa ya habari ya asubuhi, na kwamba kifundo cha mkono hakimuumi usiku. Kisha akauliza kama naweza kupata kingine kwa ajili ya wasichana. Nami nikaelewa kwamba mkusanyiko wake ulikuwa umeanza bila yeye kujua neno hilo. Seti aliyopewa katika harusi yake bado iko kabatini.

Masokoni Kampala wako akina mama wanaokaa kutwa nzima wakimenya matoke na viazi vya kuuza, vidole vyeusi kwa utomvu. Tunapolijadili suala la kumwinua mwanamke katika semina zetu, tunazungumzia mikopo na sera, na ni vyema. Lakini sijasikia semina iliyouliza anashika nini mkononi. Anayemnyima fundi kifaa amemnyima nusu ya ujira wake.

Kuna na wahunzi. Hatuna sababu ya kuamini kwamba makali ni elimu ya kigeni. Wahaya wa Kagera, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mutukula, waliyeyusha chuma chenye kaboni katika tanuri zilizopashwa hewa moto kwanza, takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika jambo hilo katika jarida la Science mwaka 1978. Bunyoro nayo ilijulikana kwa majembe yake. Leo Katwe, hapa Kampala, kuna mafundi wanaoweza kugeuza karibu kila chuma kuwa kitu kingine, na springi ya gari ambayo hutupwa ina kaboni ya kutosha kutengeneza bapa zuri. Mbona basi hatuna kisu cha Katwe kinachotafutwa nchi nzima? Sababu moja ni sisi wanunuzi. Mnunuzi asiyejua kutofautisha makali na mng'ao humlipa fundi mwangalifu bei sawa na ya fundi mzembe, na mwisho mwangalifu huacha kazi hiyo akaenda kuchomelea mageti. Tukijifunza kukagua msuka na kudai bapa lililochovywa vizuri, wahunzi wetu watapata sababu ya kulitengeneza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna aibu yetu wenyewe. Lugha hii imetupa kumenya, kuchuna, kuchanja, kupasua, kuchonga, kukatakata, kuchinja na kupara samaki magamba. Imetupa bapa, ncha, mpini, msuka, ala na kinoo. Maneno hayo hayakutungwa na kamati. Yaliachwa na watu waliojali makali ya vifaa vyao. Tunayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunarudi hosteli kukata nyanya kwa kisu kinachoiponda.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, ukialikwa harusini mwaka huu, iache seti dukani. Mpelekee bibi harusi kisu kimoja chema na kinoo, umwoneshe na bwana harusi namna ya kunoa, kwa maana matoke atayala naye pia. Na wewe unayeanzia maisha hosteli, nunua kile kidogo kwanza, ukinoe kila wiki ya pili, ukikaushe kabla ya kukiweka. Hicho cha pili usikitafute. Siku kabichi itakapokushinda, utajua wakati wake umefika.